Mgonjwa Mwenye Mabawa: Tiba ya Tumbusi Waliokula Sumu

Mgonjwa huletwa nyuma ya gari la doria, ndani ya boksi au amezongwa kwa shuka la mfugaji. Shingo imelegea. Udenda mzito unamtoka mdomoni, macho yamefumba nusu, vidole vya miguu vimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Anapumua kwa mdomo wazi, na kila pumzi inatoka na mlio wa maji. Akisimamishwa, huanguka. Misuli ya mapaja hutetemeka chini ya manyoya hata pale ambapo mwili mzima unaonekana kuwa umekwisha kukata tamaa.

Muuguzi yeyote aliyewahi kupangiwa zamu katika chumba cha dharura cha hospitali ya wilaya ataitambua picha hiyo. Mate, machozi, kuharisha, kifua kujaa maji, mapigo ya moyo kushuka, misuli kucheza: ndivyo anavyofika mkulima aliyenyunyizia mimea dawa bila kinga, mtoto aliyekunywa kutoka kwenye chupa ya soda iliyohifadhiwa kiuatilifu, au kijana aliyefika mahali pa kutaka kuyakatisha maisha yake. Tofauti ni kwamba mgonjwa huyu ana uzito wa kilo 5 au 6, na mabawa yake yakikunjuliwa yanazidi mita 2. Ni tumbusi, ndege ambaye wengi humwita tai mla mizoga.

Vituo vinavyoweza kumpokea mgonjwa wa namna hii ni vichache katika Afrika Mashariki. Nchini Kenya vipo vituo vya kutibu ndege mbuai huko Naivasha na Soysambu, katika Bonde la Ufa, ambako hupelekwa tumbusi, tai, bundi na kozi waliopigwa na umeme kwenye nyaya, waliogongwa na magari, walionyang'anywa watu waliowafuga kinyume cha sheria, na waliokula sumu. Walioumizwa na nyaya au magari huja mmoja mmoja. Waliokula sumu huja kwa ghafla na kwa wingi, kwa sababu mzoga mmoja hukaribisha ndege mia moja na zaidi kwenye meza moja.

Habari huanza usiku, mbali na kliniki. Simba au fisi huvunja boma na kuua ng'ombe. Kwa mwenye ng'ombe, huyo aliyekufa alikuwa ada ya shule ya mtoto, au maziwa ya nyumba nzima kwa mwaka; ghadhabu yake ina sababu, na mtu asiyewahi kuamka akakuta nusu ya mifugo imetapakaa damu hana haki ya kuicheka. Anajua kwamba mnyama yule atarudi kumalizia mabaki. Dukani, au kwa jirani mwenye shamba, kuna sumu ya wadudu kwa bei ya chini ya chakula cha siku moja. Ananyunyizia mzoga, anarudi ndani. Simba huenda asirudi kamwe. Jua likichomoza, tumbusi wa kwanza anauona mzoga kutoka angani na kuteremka. Wenzake walioko mbali, ambao kazi yao angani ni kuchungulia mzoga na pia kuchunguzana wao kwa wao, wanamwona akishuka na kumfuata. Kufikia mchana uwanja umejaa ndege waliolala kifudifudi.

Sumu inayotajwa mara nyingi katika matukio hayo ni kabofurani, iliyotengenezwa kulinda mazao dhidi ya wadudu na minyoo ya udongoni. Mwaka 2009 bidhaa iliyojulikana sana yenye kemikali hiyo iliondolewa madukani nchini Kenya baada ya kelele kubwa kuhusu vifo vya simba na ndege. Kemikali yenyewe haikutoweka. Na ipo nyingine, kabosulfani, ambayo ikishaingia mwilini au kwenye mazingira hubadilika kuwa ileile kabofurani.

Si wafugaji peke yao wanaoitumia. Majangili wa pembe za ndovu wana sababu iliyo baridi zaidi: tumbusi wakizunguka angani juu ya ndovu aliyeuawa, askari wa wanyamapori wanajua pa kwenda. Hivyo mzoga hutiwa sumu makusudi ili walinzi hao wa angani wafe. Mwezi Juni 2019, kaskazini mwa Botswana, mizoga mitatu ya ndovu iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537. Kati yao 468 walikuwa tumbusi wa mgongo mweupe, ndege wale wale wanaoonekana Serengeti na Maasai Mara.

Takwimu za bara zima zilikusanywa na kuchapishwa mwaka 2016. Katika vifo 7,819 vya tumbusi vilivyorekodiwa kwenye nchi 26 za Afrika, asilimia 61 vilitokana na sumu, na asilimia 29 na biashara ya viungo vyao kwa ajili ya dawa za kienyeji na ushirikina. Tumbusi mkubwa hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda huchukua takriban miaka 5 kabla ya kuanza kuzaa. Spishi inayozaa kwa mwendo huo haiwezi kufidia hasara ya mamia kwa asubuhi moja, na ndiyo sababu kituo kinahangaika usiku kucha kwa ajili ya ndege mmoja aliyekwisha kupooza miguu.

Watu huuliza: ndege anayekula nyama iliyooza bila kuugua, anauawaje na dawa ya wadudu? Tumbo la tumbusi lina asidi kali kiasi cha kuangamiza vimelea ambavyo vingemmaliza mla nyama mwingine, vikiwemo vya kimeta. Lakini asidi huua vilivyo hai. Kabofurani ni kemikali. Hunyonywa kutoka utumboni na kuingia kwenye damu. Kisha huenda pale ambapo neva hukutana na misuli. Katika hali ya kawaida neva hutoa chembe za asetilikolini kuuamuru msuli ujikaze, na mara moja kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huzifuta chembe hizo ili msuli ulegee. Sumu hukishika kimeng'enya hicho. Amri haifutiki tena. Tezi zinamwaga mate bila kukoma, njia za hewa zinabana na kujaa majimaji, misuli inajikaza hadi inachoka na kupooza. Kifo huja kwa kushindwa kupumua, kwa ndege kama kwa mtu. Ndege wana udhaifu wa ziada: damu yao ina uwezo mdogo sana wa kuivunjavunja sumu ya aina hii ikilinganishwa na ya wanyama wanaonyonyesha. Punje moja ya kabofurani inatosha kumuua ndege mdogo wa ukubwa wa shomoro.

Kabla ya kumgusa mgonjwa, wahudumu huvaa glavu, aproni na barakoa, na madirisha hufunguliwa. Agizo hili linaonekana la kawaida, lakini ndilo linalosahauliwa kwa haraka pale watu wanapomhurumia ndege. Tumbusi aliyetishika hutapika; ndiyo silaha yake. Tapishi hilo safari hii lina nyama yenye sumu, na sumu hiyo hupita pia kwenye ngozi na macho ya binadamu. Ndege huoshwa manyoya iwapo yamelowa, na kila kitambaa kilichotumika huwekwa kwenye mfuko wa peke yake.

Hatua inayofuata inategemea jambo ambalo mganga wa binadamu hana. Chini ya shingo tumbusi ana mfuko wa kuhifadhi chakula kabla hakijafika tumboni. Ndege aliyeshiba huonekana kama aliyemeza mpira. Mfuko ukiwa umejaa, sumu nyingi bado haijanyonywa. Hiyo ni nafasi, na ni hatari pia, kwa kuwa ndege aliyepooza akicheua kidogo tu, nyama huingia kwenye njia ya hewa. Kwa hiyo tangu anapookotwa porini hubebwa kichwa kikiwa juu. Mezani, mpira wa kupumulia huingizwa kwanza kwenye koromeo, ambalo kwa ndege huonekana wazi nyuma ya ulimi. Mpira huo hauna puto la kujazwa upepo, kwa sababu mapingili ya koo la ndege ni duara kamili lisilotanuka, na puto likifura linaweza kulipasua. Njia ya hewa ikishalindwa, mfuko wa shingoni hutolewa nyama kwa koleo na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa, hadi maji yatoke safi. Mkaa wa tiba hufuata, ili kunasa mabaki. Nyama iliyotolewa haitupwi. Hufungwa kwenye chombo chenye lebo, hugandishwa, na huenda ikawa ushahidi pekee utakaofika maabara na mahakamani.

Sindano inayotafutwa ni atropini, ileile iliyoko kwenye kabati la dharura la hospitali. Haiiondoi sumu mwilini. Inaziba tu milango ambayo asetilikolini huitumia kwenye tezi, moyo na njia za hewa, hivyo kumpa mgonjwa muda wa kupumua wakati mwili unajisafisha. Haigusi misuli ya mifupa, na ndiyo maana vidole vya tumbusi hubaki vimejikunja saa nyingi baada ya kifua chake kukauka. Msaidizi mgeni anapoviona vidole hivyo hudhani dawa imeshindwa na kutaka kuongeza. Mzoefu husikiliza kifua.

Hapa pana somo ambalo madaktari wa wanyama na wa binadamu wameliendea kwa njia mbili. Kwa binadamu, mboni ndogo kama ncha ya sindano ni dalili maarufu ya sumu hii, na zamani wengi walizoea kuongeza atropini mpaka mboni itanuke. Mwongozo wa sasa hutaka macho yasiwe kigezo kikuu: kwa mtu mzima huanzwa na miligramu 1 hadi 3 kwenye mshipa, dozi ikiongezwa maradufu kila baada ya dakika 5, hadi mapafu yawe safi, mapigo ya moyo yazidi 80 kwa dakika na shinikizo la damu lipande. Kwa ndege, mboni haisaidii kabisa. Misuli inayoendesha mboni ya ndege ni, kwa sehemu kubwa, ya aina ileile inayosogeza bawa na mguu, ambayo atropini haina amri juu yake. Anayesubiri mboni ya tumbusi itanuke atasubiri mpaka kesho, na katika kusubiri atamzidishia dawa.

Jina la sumu likijulikana mapema, mengi hurahisika. Kabofurani ni ya kundi la kabameti, na kundi hilo hukishika kimeng'enya kwa muda tu. Baada ya saa kadhaa hukiachia chenyewe. Ndege aliyevushwa usiku wa kwanza, akapewa maji ya dripu, joto na hewa ya oksijeni, anaweza kuonekana asubuhi amesimama, ameudhika, na anamtafuta wa kumdonoa. Sumu za kundi la oganofosfeti hushika kwa nguvu zaidi, na kadiri saa zinavyopita mshiko huo hugeuka kuwa wa kudumu; huko ndiko inakofikiriwa dawa ya pralidoksimu, tena mapema. Damu ya kupima kimeng'enya huchukuliwa mara mgonjwa anapofika na kuwekwa kwenye baridi. Ikicheleweshwa, kabameti huendelea kukiachia kimeng'enya ndani ya chupa, na majibu yatasema ndege alikuwa mzima.

Kumshika ndege huyu ni taaluma. Tai huumiza kwa kucha. Tumbusi ana miguu dhaifu, na hatari yake iko kwenye mdomo uliozoea kupasua ngozi ya nyati. Hushikwa nyuma ya taya, kichwa kikafunikwa kitambaa, kwa kuwa giza humtuliza kuliko dawa nyingi. Lakini asikumbatiwe kifua. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama cha binadamu. Huvuta hewa kwa kusogeza mfupa wa kidari kwenda mbele na kurudi, na mkono wa mtu mwenye huruma ukiubana mfupa huo, anakufa kwa kukosa hewa mikononi mwa anayemwokoa. Baadhi ya mifupa yake nayo ina hewa iliyounganika na mfumo wa kupumua. Dripu ya kwenye mfupa, ambayo wauguzi wa watoto wanaifahamu, huwekwa kwenye kigasha au mguu. Ikiwekwa kwenye mfupa wa juu wa bawa, maji huenda mapafuni.

Siku zinazofuata hazina msisimko, na ndizo ndefu. Ndege hulishwa kidogo kidogo. Miguu iliyozoea kutua kwenye matawi ya migunga hupata vidonda kwenye sakafu ngumu, kwa hiyo vitulio hufungwa kamba au zulia la plastiki. Ukungu wa mapafuni huvizia kila ndege mwenye hofu aliyefungiwa ndani. Manyoya ya bawa yaliyovunjika wakati akigaagaa hayaoti upya mara moja. Tumbusi hubadilisha manyoya makubwa polepole, kwa miaka. Kwa tatizo hilo ipo kazi ya mikono ya kale iliyoanzia kwa wafugaji wa kozi: shina la unyoya uliovunjika hukatwa, kijiti chembamba cha mwanzi hutiwa gundi na kupachikwa ndani yake, kisha upande wa pili hupachikwa unyoya mzima uliookotwa kutoka kwa ndege mwingine wa spishi ile ile, bawa lile lile, nafasi ile ile. Vituo vya namna hii huweka manyoya kwenye droo kama benki ya damu.

Kuna dawa moja isiyopewa tumbusi kamwe, nayo iko katika karibu kila zahanati: diklofenaki. Katika miaka ya 1990 tumbusi wa India na Pakistan walianza kufa kwa mamilioni bila sababu kujulikana. Virusi vilishukiwa kwa muda mrefu. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi Pakistan walieleza kilichokuwa kikitokea: wafugaji waliwapa ng'ombe wao diklofenaki ya kutuliza maumivu, ng'ombe aliyekufa muda mfupi baadaye alibaki na dawa hiyo mwilini, tumbusi aliyemla alipata kushindwa kwa figo, na asidi ya yuriki ikaganda kama chokaa nyeupe juu ya moyo na ini lake. Kufikia 2007 tumbusi wa kiuno cheupe nchini India walikuwa wamepungua kwa asilimia 99.9. India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Chupa kubwa za sindano zilizotengenezwa kwa ajili ya binadamu ziliendelea kuishia kwenye mazizi, hadi serikali ilipozipunguza ukubwa mwaka 2015. Majaribio yalionyesha kwamba tumbusi wa mgongo mweupe wa Afrika naye huuawa na dawa hiyo. Kwa maumivu yake hupewa meloksikamu, ambayo ilichunguzwa mahususi na kuonekana salama kwake.

Ndiyo maana kituo kinachopokea ng'ombe waliokufa kama msaada wa chakula huuliza maswali mengi kuliko mchinjaji. Alikufa kwa nini? Alidungwa nini juma hili, na nani? Aliuawa kwa dawa ya usingizi? Swali la mwisho lina uzito wake, kwani dawa inayotumiwa kumlaza mnyama usingizi wa mwisho hubaki kwenye nyama na kumlaza pia anayemla. Mfugaji anayejibu kwa ukweli kwamba alimdunga ng'ombe dawa asiyoijua jina hufukiwa ng'ombe wake, na hushukuriwa.

Kilichofuata India baada ya tumbusi kutoweka kiliwahusu madaktari wa watu. Mizoga ilibaki kando ya vijiji, mbwa wa mitaani waliongezeka, maji yalichafuka. Utafiti wa kiuchumi uliochapishwa mwaka 2024 ulilinganisha wilaya zilizokuwa na tumbusi wengi na zile ambazo hazikuwa nao, na kukadiria kwamba kutoweka kwao kulichangia vifo vya ziada vya watu wapatao 500,000 kati ya 2000 na 2005. Karibu zaidi na nyumbani, watafiti waliofanya kazi Laikipia waliweka mizoga na kuzuia tumbusi wasiifikie. Mizoga hiyo ilichukua takriban mara tatu ya muda wa kawaida kuisha, na fisi, mbweha na wanyama wengine waliokutana hapo waliongezeka na kukaa muda mrefu zaidi. Palipo na mikutano hiyo, kichaa cha mbwa na magonjwa mengine hupata njia. Haki itendeke pia kwa upande wa pili: tumbusi aliyekula mzoga wa kimeta anaweza kubeba vimelea hadi dimbwi anakokwenda kuoga. Yeye si dawa ya kila kitu. Ila mzoga anaoumaliza kwa saa moja usingemalizwa na mwingine kwa siku tatu.

Sumu yenyewe nayo haibaki kwa ndege. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, ilirekodiwa jinsi wawindaji walivyotia kabofurani ndani ya konokono na kuwategea korongo wanaowala; korongo waliokufa waliuzwa kuwa kitoweo. Kutoa matumbo na kuchemsha supu kwa muda mrefu hakuhakikishi kwamba nyama hiyo ni salama. Nchini Guinea-Bissau mwaka 2020 tumbusi zaidi ya 2,000 walikufa kwa sumu, wengi wakiwa wamekatwa vichwa kwa ajili ya mambo ya imani. Anayeuziwa kichwa hicho kama dawa ya bahati hupewa kiungo cha ndege aliyekufa kwa sumu, akishike kwa mikono mitupu, akakiweke nyumbani.

Kwa hiyo mtaalamu wa tabibu katika zahanati ya vijijini anapompokea mgonjwa mwenye mate mengi, kuharisha na mapigo ya polepole, au familia nzima iliyougua kwa saa moja baada ya mlo, maswali mawili ya ziada yana faida kubwa. Nyama ilitoka kwa mnyama gani, na alikufaje? Je, kuna mbwa au ndege waliokufa kijijini juma hili? Jibu la ndiyo kwa swali la pili linaweza kutaja jina la sumu kabla maabara haijafungua mlango. Wakati huo huo mgonjwa alazwe ubavu, nguo zenye sumu zivuliwe, ngozi ioshwe kwa sabuni na maji, na anayemwosha avae glavu. Maziwa na mayai mabichi, ambavyo kila nyumba huvikimbilia, havizimi sumu hii. Hupoteza dakika, na mgonjwa aliyelegea huweza kupaliwa navyo. Asitapishwe. Baada ya hapo, simu moja kwa ofisa mifugo au kwa askari wa wanyamapori ni sehemu ya tiba, kwa maana mzoga ule bado uko porini, na kesho utawavuta watoto wachungaji na mbwa wao. Mzoga huo huchomwa moto pamoja na ndege wote waliokufa juu yake, mpaka usibaki mfupa wenye nyama.

Mwenye ng'ombe naye ana haki ya kusikilizwa. Katika nyika za Simanjiro na pembezoni mwa Tarangire, yapo maboma yaliyozungushiwa ua wa miti hai iliyopandwa ikashikana na wavu wa chuma, na simba hulizunguka ua huo usiku akaondoka. Boma la namna hiyo lina gharama. Kwa familia isiyoimudu, maneno kuhusu uzuri wa tumbusi hayana thamani ya ndama mmoja.

Siku ya kumwachia ndege, hakuna anayeondoka kituoni alfajiri. Tumbusi ni mzito, na hawezi kupanda juu mpaka jua lipashe ardhi na hewa ya moto ianze kuinuka, kwa hiyo safari hupangwa ili kufika saa nne asubuhi. Amepimwa damu, amepimwa uzito, amerushwa ndani ya kizimba kirefu kuthibitisha kuwa bawa zote mbili zinavuta sawa. Bawani ana kibandiko chenye namba kinachosomeka kwa darubini. Wengine huvishwa kifaa cha kutuma mahali walipo, na vifaa hivyo vimeonyesha tumbusi wa Mara wakila Serengeti bila kujua mpaka. Mlango wa kizimba hufunguliwa, watu hurudi nyuma. Mara nyingi hatoki upesi. Husimama mlangoni, hutazama angani, huruka hatua chache na kutua tena chini, akakaa hapo kwa dakika kumi au ishirini kama aliyesahau kitu. Kisha upepo huinuka naye hufungua mabawa.

Huangaliwa mpaka awe kitone. Halafu kizimba huoshwa kwa maji na sabuni, na anayekiosha amevaa glavu.